Kambi Popote

Kuna hadithi moja ambayo nimeisikia Usa River mara nyingi mno, na kila nikiisikia huingilia mazungumzo hata kama sikukaribishwa. Husimuliwa hasa kando ya barabara ya Moshi, pale njia ya Momella inapochepuka kuelekea Hifadhi ya Arusha, ambapo magari ya watalii husimama kidogo watu wanunue maji na ndizi. Mgeni anauliza maana ya boma. Mwenyeji wake anajibu bila kusita kwamba ni kifupisho, herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza yaliyobandikwa kwenye milango ya ofisi za wakoloni. Mgeni anaandika kwenye daftari. Akirudi kwao atawasimulia wenzake, nao watakuja mwakani wakiwa wameshaamini.

Hadithi hiyo si ya kweli, na kuikanusha hakuhitaji profesa. Henry Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka uliofuata alilitumia neno boma kwa maana ya ua wa miiba uliozunguka mahema na vibanda. Wakati huo Waingereza hawakuwa na ofisi hata moja ya utawala huku bara. Ushahidi mwingine umesimama mjini Arusha, nao ni wa mawe. Boma la Arusha, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa na Wajerumani kwa jasho la watu wa hapa walioshurutishwa kufanya kazi, likakamilika mwaka 1900. Waingereza waliingia Arusha mwaka 1916. Walilikuta jengo, wakalikuta na jina lake.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu hadithi ile inatuambia kwamba hata ua wa ng'ombe wetu tulipewa jina na mtu mwingine.

Boma ni ua. Ni miti iliyosimikwa, au matawi ya mgunga yaliyorundikwa miiba ikitazama nje, au mawe yaliyopangwa, ili kilicho ndani kilale salama na kilicho nje kibaki huko huko. Ukitoka Usa River ukafuata lami kuelekea mashariki, ukapita Maji ya Chai, Kikatiti na njia panda ya uwanja wa ndege, utafika Boma Ng'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, mji ambao jina lake linajieleza lenyewe. Sasa mfikirie askari anayefika jioni katika nchi asiyoijua, na ambayo haimtaki. Ana hema, ana risasi, ana mizigo, na ana hofu ya usiku. Atafanya kile alichofanya mfugaji tangu zamani: atakata miiba na kuzungusha ua. Ndani ya ua huo atalala yeye mahali pa ndama. Watu wanaomtazama kutoka mashambani hawana haja ya neno jipya. Wanaona boma.

Kukicha, askari haondoki. Hapo ndipo neno linapoanza kubeba mzigo mzito. Hema linageuka kibanda cha udongo, kibanda kinageuka nyumba ya mawe yenye matundu ya kutolea mitutu, na juu yake inapandishwa bendera. Anayekwenda kulipa kodi anakwenda bomani. Anayeitwa kujibu shauri anaitwa bomani. Na mpaka leo wawili wakifunga ndoa ya kiserikali, pasipo padri wala shehe, tunasema wamefunga ndoa ya bomani, ingawa ofisi yenyewe ina vioo na kompyuta na haina mwiba hata mmoja. Neno gereza lilipita njia ya namna hiyo. Wareno walikuja na igreja, yaani kanisa. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, ngome ikawa mahali pa kufungia watu, na sasa mfungwa hulala ndani ya neno ambalo hapo awali lilimaanisha nyumba ya sala.

Lakini boma la Arusha halikuota tu pale lilipo. Lilianza na usiku mmoja, na usiku huo ulikuwa jirani na Usa River.

Juu ya barabara, kwenye miteremko ya Meru upande wa Tengeru, iko Akeri. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig walifika hapo kutoka Uchagani, wakapiga hema. Walikuwa Ewald Ovir na Karl Segebrock, vijana wawili waliozaliwa katika nchi za Baltiki. Kurt Johannes, afisa wa Kijerumani wa Moshi, alikuwa na kambi ya askari wake si mbali na hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru walishambulia. Wamisionari waliuawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Kambi ya askari, yenye bunduki na walinzi, ilinusurika.

Nikipita Akeri huwa najiuliza watu wa mlimani waliona nini jioni ile. Kwa mtu anayechungulia kutoka kwenye migomba, turubai ni turubai. Biblia iliyomo ndani haionekani, na aliyelala pembeni ya jeshi hana namna ya kumweleza jirani yake kwamba yeye hamo. Naamini kwamba vijana wale walikufa kwa sababu ya ujirani wa mahema. Kisasi kilichofuata kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Johannes alikuja na askari wake na wapiganaji wengi wa Kichaga; nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa. Tarehe 2 Machi 1900 viongozi 19 walinyongwa Moshi, Mangi Meli akiwa miongoni mwao, na wengine wakiwa wametoka Meru na Arusha. Mwaka huo huo boma la mawe likasimama mjini. Kambi iliyowekwa kwa ajili ya siku chache ilikuwa imepata kuta.

Kambi nalo ni neno lenye historia yake. Likilinganishwa na boma, lina usingizi mwingi na ukuta kidogo. Wengi hulichukua kuwa ni Kiingereza kilichovalishwa irabu, tena wanasema hivyo kwa sababu linafanana. Lakini Richard Burton, aliyetoka pwani mwaka 1857 pamoja na Speke kwenda Ziwa Tanganyika, alilisikia njia nzima. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 aliliandika khambi, kwa herufi zake mwenyewe, na akalieleza kama neno la wenyeji wa njia ile. Tanganyika wakati huo lilikuwa jina la ziwa tu. Hapakuwa na gavana wala jeshi la Kiingereza la kumfundisha mpagazi neno la mahali pake pa kulala.

Maana kambi ilikuwa ya mpagazi. Fikiri kazi yake. Anatembea tangu alfajiri na pembe begani, frasila mbili, yaani kama kilo 32, akimfuata kirangozi aliye mbele na bendera. Jua likipanda, kirangozi anasimama. Kuanzia hapo kila kitu kinajengwa na mikono ile ile iliyobeba: matawi yanakatwa, vibanda vya nyasi vinainuliwa, miiba inazungushwa, kuni zinatafutwa, maji yanatekwa. Mara nyingi msafara ulikuta vibanda vilivyoachwa na waliotangulia, na wenye mbio wakawahi vilivyo imara. Mzungu aliandika kitabu, Mwarabu aliandika hesabu ya pembe, lakini mtu aliyelala chini na kulijua lile neno kwa mgongo wake alikuwa Mnyamwezi au Mswahili aliyebeba mzigo. Kwake yeye kambi ilikuwa wakati kabla ya kuwa mahali: ni pale mzigo unapotuliwa.

Pwani walikuwa na neno lingine, ago. Linasikika mara chache siku hizi, ila ndugu yake dago bado yu hai. Wavuvi wa Unguja, Pemba na mwambao wanaofuata samaki kwa msimu, wakajenga vibanda kwenye fukwe ngeni na kukaa huko mpaka upepo ugeuke, husema wamekwenda dago. Wahenga wa pwani walikuwa na onyo fupi juu ya mahali hapo: ago halinyelewi. Usiliharibu kwa uchafu eti kwa sababu kesho unaondoka, kwani kesho kutwa unaweza kurudi kwa njia ile ile, kwa uchovu ule ule. Katika maneno yote niliyoyasikia juu ya kulala safarini, hili ndilo ninalolipenda kuliko mengine. Limesemwa na watu waliojua kwamba kibanda chao kina mgeni mwingine nyuma.

Wazungu wana neno ambalo wapanda milima wao hulileta hata hapa Meru. Mtu akikamatwa na giza juu ya mwamba akalala palepale bila hema, husema amefanya bivouac. Neno hilo linatamkwa Kifaransa, na wengi huridhika kuliacha hapo. Asili yake ni kwa Waswisi wanaosema Kijerumani. Walikuwa na biwacht, lindo la ziada la usiku: mji ukiwa na wasiwasi, raia waliongezwa juu ya walinzi wa kawaida ili wakeshe. Askari wa Ufaransa walilichukua katika karne ya 17, na kwa kuwa jeshi linalokesha nje lote huishia kulala nje lote, lindo likageuka malazi. Waingereza walilipokea mwanzoni mwa karne ya 18. Neno la kulala, basi, lilianza kama neno la kutolala.

Sisi tunalijua jambo hilo bila kamusi. Mkulima wa kandokando ya hifadhi, ambaye mahindi yake yanapendwa na tembo na nguruwe pori, hujenga kibanda shambani, huwasha moto, huchukua debe la kupiga, na kusema anakwenda lindo. Watu wa pwani wakilijenga juu ya miti huliita dungu. Amechukua blanketi, lakini hakuna nyumbani anayedhani amekwenda kulala.

Tafsiri sahihi ya bivouac tunayo pia, na hakuna kamati iliyoiunda: kambi popote. Inasemwa na dereva wa lori aliyeharibikiwa na gari porini, na machinga aliyefika mnadani usiku, na kijana aliyehama chumba mara tatu kwa mwaka. Usiku ukikukuta, hapo ndipo kwako. Maneno mawili tu, nayo yamebeba yote ambayo biwacht ilihitaji karne mbili na lugha tatu kuyafikia.

Na kambi lenyewe limezidi kutanuka. Simba na Yanga huingia kambini kabla ya mechi. Bungeni kuliwahi kuwa na kambi rasmi ya upinzani. Wakimbizi wa Nyarugusu, Kigoma, wamezaliwa na kuoa ndani ya neno hili. Karatu kuna vijiji vinavyoitwa Kambi ya Simba na Kambi ya Nyoka; Ngarenaro, katikati ya jiji la Arusha, kuna Kambi ya Fisi, nyumba zimebanana hadi fisi hana pa kupita. Neno lililoanza kwa usiku mmoja halijui tena kuondoka.

Mwaka 1916 vita vya Wazungu vilipita mbele ya milango ya Usa River. Machi mwaka huo Jenerali Smuts alisukuma majeshi kutoka upande wa Kenya ili kuwatoa Wajerumani Kilimanjaro. Kikosi kimoja, chini ya Stewart, kilitoka Longido, kikapita uwazi ulio kati ya Meru na Kilimanjaro, kikashukia Boma Ng'ombe. Mwanzoni mwa Aprili wapanda farasi wa van Deventer waliteka Lolkisale, kusini mwa Arusha, wakaendelea hadi Kondoa, na masika ikawashukia njiani. Barabara ziligeuka tope, farasi wakafa kwa wingi, na chakula hakikuwafikia. Pale mnyama aliposhindwa, mzigo ulirudi kichwani kwa mtu.

Historia ya vita hivyo mara nyingi huandikwa kwa majina ya majenerali. Mimi nataka nikae kidogo na waliobeba. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wabeba mizigo walikaribia milioni moja, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini, na waliokufa kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu wanapita 90,000. Jeshi lao liliitwa Carrier Corps. Waafrika walilitamka kama linavyotamkika: Kariakoo. Dar es Salaam ilipotekwa Septemba 1916, wabeba mizigo waliwekwa katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejenga banda la soko lililokuwa halijaanza kazi. Walilala hapo. Vita vikaisha, soko likafunguliwa, na jina likabaki. Nairobi nao wana Kariokor yao, iliyozaliwa hivyo hivyo.

Kila Mtanzania amekwenda Kariakoo au ametumwa kitu Kariakoo. Wafanyabiashara wa Usa River na Tengeru hupanda basi la usiku kwenda kufunga mzigo huko, na wachukuzi pale sokoni huubeba mzigo huo kwa mkokoteni na kwa mabega. Jengo kubwa la soko, lenye paa kama miavuli ya zege, lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021. Kwa wafu wa vita vile Waingereza walisimamisha sanamu ya askari mwenye bunduki mwaka 1927, katikati ya jiji, na watalii huipiga picha. Lakini kumbukumbu iliyo kubwa kuliko sanamu ni jina la lile soko, kwa sababu hutamkwa kila siku na watu wengi. Wanaolitamka wangejua wanatamka malazi ya kina nani, nadhani wangelitamka taratibu zaidi.

Majina ya kambi za jeshi hugombaniwa kuliko majina ya soko. Kambi kubwa ya Dar es Salaam iliitwa Colito, kwa ukumbusho wa pigano la mwaka 1941 nchini Ethiopia ambamo askari wa King's African Rifles, Keya kama walivyojulikana, waliwashinda Waitalia. Ya Tabora iliitwa Kalewa, mahali huko Burma ambako Keya walifika mwaka 1944. Majina yote mawili yalikuwa ya damu ya Waafrika, lakini katika vita vya wengine. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964 jeshi lilivunjwa na kuundwa upya, na Colito ikawa Lugalo, pale Uhehe ambapo watu wa Mkwawa waliuangamiza msafara wa afisa wa Kijerumani Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Kalewa ikapewa jina la mtemi Mirambo. Majina ya nje yalibadilishwa. Neno kambi halikuguswa, maana hakuna aliyelihesabu kuwa la mgeni.

Lugha nayo ililala kambini. Kiswahili cha amri cha Keya kiliitwa Kikeya, na kilikwenda na buti hadi vijiji visivyowahi kuuona Uswahili. Si sisi tu: Kiurdu kimepata jina lake kutoka ordu, neno la Kituruki la jeshi na kambi yake. Lugha ya mamilioni ya watu imeitwa kwa jina la mahema. Na siku hizi kijana wa Usa River akienda Jeshi la Kujenga Taifa, pengine Oljoro ambako ni karibu, anarudi na maneno yake: yeye alikuwa kuruta, mkubwa wake afande, na alikolala ni hanga. Hilo la mwisho lilikuwa banda la ndege. Sasa ni vitanda vya ghorofa na masanduku ya bati, na mama mtu akisimuliwa anaelewa mara moja.

Nimeiacha Tengeru makusudi, kwa kuwa ndiyo inayoniumiza zaidi.

Tengeru ni daladala moja kutoka Usa River. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko, na barabara hujaa vikapu vya parachichi na mikungu ya ndizi. Ukiingia upande wa Ziwa Duluti, kwenye ardhi ya chuo cha mifugo, utayakuta makaburi yenye majina marefu yaliyojaa herufi z na w. Ni karibu 150. Hao ni Wapoland. Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Stalin iliwakamata kutoka mashariki mwa nchi yao, ikawapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwatawanya Siberia na Kazakhstan. Wajerumani walipouvamia Umoja wa Kisovieti, Stalin alikubali jeshi la Wapoland liundwe huko huko chini ya Jenerali Anders. Mwaka 1942 jeshi hilo lilivuka Bahari ya Kaspi kwenda Iran, likifuatwa na wanawake, watoto na mayatima waliobaki mifupa mitupu. Wanaume walikwenda vitani, hadi Italia. Familia zao zilitafutiwa mahali pa kungoja, na Waingereza wakazileta Afrika Mashariki: Masindi na Koja nchini Uganda, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro hapa kwetu. Kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, watu kama 5,000.

Walijengewa nyumba za msonge, kuta nyeupe na paa za nyasi, zimepangwa safu kwa safu chini ya Mlima Meru. Palikuwa na kanisa, shule, hospitali, shamba, karakana. Watoto waliosahau ladha ya mkate walijifunza kula ndizi. Maskauti wao walipiga kwata. Na kila barua kutoka Italia ingeweza kuwa ya mume au ya ofisi ya jeshi inayotoa taarifa ya mume.

Watu wa hapa waliiita kambi, na ilikuwa hivyo: malazi ya muda ya familia za wanajeshi walio vitani. Vita viliisha 1945. Lakini mipaka ilikuwa imesogezwa, na vijiji vya wengi wao vilikuwa sasa ndani ya Umoja wa Kisovieti ule ule uliowafukuza. Pa kutoka palikuwepo, pa kurudi hapakuwepo. Miaka ikaenda, 1946, 1948, 1950. Wengine walipelekwa Uingereza, wengine Australia, wengine Kanada, na kambi ikafungwa taratibu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wachache walibaki. Wa mwisho wao, Edward Wojtowicz, alifariki mwaka 2015, naye amezikwa pamoja na wenzake. Alikuwa ameishi Tengeru zaidi ya miaka 70.

Mara ya mwisho nilipokwenda, palikuwa na mwanamke mzee akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Aliitikia, akasimama kupumzika, akautua mzigo kwenye ukingo wa njia. Nikamuuliza pale panaitwaje. Akanitazama kama mtu asiyejua jambo dogo.

"Kambini, baba," akasema. "Kwa Wazungu wa kambi."

Hapakuwa na hema, hapakuwa na msonge hata mmoja.

Jioni hiyo nilirudi Usa River nikashukia kwenye kituo cha njia ya Momella. Palikuwa na kijana amekaa juu ya begi, kofia ya sufu kichwani, midomo imepasuka kwa baridi. Alikuwa ametoka Kilimanjaro kubeba mizigo ya wageni siku saba. Wapagazi wa mlimani hujiita wagumu, na mizigo yao leo ina kikomo, kilo 20, inayopimwa getini. Aliniamkia, tukazungumza. Nikamuuliza usiku wa kupanda kileleni walilala wapi.

"Kambi ya Barafu, mzee. Wageni wanaamshwa saa sita usiku, wanakwenda juu na maguide. Sisi tunabaki."

"Basi mnapata kulala."

"Hatulali. Upepo wa pale unaweza kuondoka na hema na vitu vyote vya mgeni. Wawili wanashika kamba, wengine wanawasha jiko. Tunapokezana mpaka wanaposhuka."